Nzuri, ila siyo yako

Tangu Jumanne usiku sentensi moja haitaki kunitoka kichwani.

Mwalimu wetu wa badminton aliichukua ile raketi mpya, ile aliyoniletea kaka kutoka Muscat. Akailaza juu ya kidole cha shahada, akaisogeza taratibu mpaka ikatulia, akatazama kidole kimeangukia wapi. Kisha akapiga vinyoya viwili kwa mbali, vyote vikadondoka karibu na mstari wa nyuma. Akanirudishia.

"Nzuri, mama. Ila siyo yako."

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Kichwa kizito hicho." Akanitazama kidogo, akaenda kukunja wavu.

Basi. Wiki hii bibi yao watoto ametolewa mtoto wa jicho na sasa anasoma mpaka maandishi ya kwenye pakiti ya majani ya chai, ofisini tumehamishiwa ghorofa ya tatu, na mimi siku zote hizo nimekuwa nikibishana na Mwalimu moyoni. Siyo yako. Ya nani sasa? Kaka aliichagua akinikumbuka mimi wa Tanga, yule msichana aliyekuwa akipiga kinyoya juu ya kamba ya nguo mpaka mama anafoka. Ameikumbatia kwenye ndege safari nzima, hakutaka iingie kwenye mizigo. Kuambiwa siyo yangu kuliniuma kuliko kufungwa.

Kwenye mizani haipishani na ya zamani, zote gramu 83 au zaidi kidogo. Tofauti ni mahali uzito ulipokaa. Ya zamani inatulia kidoleni kwenye sentimita 28.5 ukipima kutoka kitako cha mpini, hii inakaribia 30. Sentimita moja na nusu ukiisikia kwa masikio ni kitu kidogo, lakini mkono unaijua. Nikiwa nyuma ya uwanja raketi hii inanifurahisha mno: naanza tu kuizungusha, kichwa kinajivuta chenyewe, kinyoya kinapaa hadi mwisho kule bila bega kulazimisha. Tena na feni zote zimezimwa, kama kawaida, maana upepo ukivuma kidogo tu kinyoya kinahama njia.

Shida ilikuja tulipocheza wawili wawili. Smashi, lile pigo kali la kushusha, ikaja usawa wa kifua. Kwa ya zamani ningegeuza kiganja tu, kinyoya kivuke na kudondoka karibu na wavu upande wao. Hii mpya niliinyanyua, nikauhisi uzito wa kichwa umebaki nyuma, na kinyoya kikanigonga shingoni kabla haijafika. Hapo ile sauti ikarudi. Kichwa kizito hicho.

Lakini Mwalimu aliipima ikiwa na nyuzi za dukani, zimekazwa pauni 27! Nyuzi zikikazwa hivyo, sehemu ya katikati inayorudisha kinyoya vizuri hupungua. Kwa mkono wake sawa, anapiga katikati kila mara. Mimi nikikosea kidogo mtetemo unapanda hadi kwenye kiwiko. Alhamisi nikazikata zote, nikafungiwa BG65, uzi wa milimita 0.70, pauni 23. Nikaongeza na gripu, ule utepe wa kuzungushia mpini, ya pili juu ya ile ya kwanza, ili uzito usogee kidogo upande wa mkono. Kishikio kimenenepa, ila kwa jasho la ukumbi wetu hakiniponyoki.

Jumamosi nilicheza mmoja kwa mmoja na yule binti wa benki. Jamani. Mlio umebadilika, umekuwa mzito na wa duara, na hata nilipochelewa kinyoya kilifika nyuma. Nilishinda seti ya tatu, na bega halikuuma.

Bega. Nikiwa nafungua viatu ndipo nikaikumbuka Jumanne upya, nikaona jambo nililokuwa nikiliruka kila mara. Alipokuwa akinitazama, Mwalimu hakunitazama usoni. Alitazama bega la kulia, lile lililoniweka benchi masika yote. Mnakumbuka nilivyokuwa siwezi hata kuchana nywele. Yeye ndiye aliyenizuia kurudi mapema.

Moyo ukatulia hapo hapo. Kwa mmoja kwa mmoja raketi hii ni yangu, na Jumanne nitamwonyesha akiwa amesimama pembeni. Wawili wawili nitaendelea na ya zamani mpaka mkono uizoee hii. Kaka nimemtumia video. Kajibu, "Si nilijua, dada yangu wewe ni mpigaji."

Ninachowaza usiku huu ni dada wetu wa nyumbani. Alikwenda msibani Singida, alisema Ijumaa atakuwa amerudi, na simu yake haipatikani tangu juzi. Kwao nina namba ya mjomba wake tu, nayo inaita bila kupokelewa. Kesho asubuhi nitaipiga tena kabla sijaenda kazini.