Siku moja na Mjumbe, beberu mwigizaji

Saa 11 alfajiri, Kitangiri, namwosha Mjumbe ndevu. Beberu hujikojolea ndevu makusudi ili majike wamnuse, na huyu wangu anaona ni marashi. Ndoo mbili, sabuni ya mche, teke moja la goti. Majirani wanadhani namnenepesha kwa ajili ya Idi.

Saa 2 tuko Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Kwa miguu, maana bajaji zinatukataa.

Saa 3, sini: mkwe anachukua mbuzi wa mahari, mbuzi anagoma. Kugoma tu! Ndiko kulikompa Mjumbe umaarufu. Mara ya kwanza aliletwa afungwe nyuma ya wazee kama pambo, akakata kamba, akala kofia ya bwana harusi, na hakuna aliyeweza kumtoa mezani. Leo mkwe kaja na maganda ya ndizi mfukoni. Mjumbe kamfuata kama mwali.

"Mwambie agome!" dairekta ananifokea mimi.

Tukarudia. Akafuata. Tukamvua mkwe koti, akafuata mikono. Tukamnawisha mikono, akafuata basi tu, keshampenda. Wauza dagaa wakaacha meza zao, kila mmoja akawa dairekta.

"Mwanangu, mtandike fimbo," mama mmoja akasema.

"Mama, huyu ni msanii. Hapigwi."

Halafu dairekta akasahau sharti langu la kwanza, kwamba mbele ya mbuzi tunasema "imetosha", akapaza sauti: "Kata!" Mzee mmoja akasogea kuuliza nyama kilo shilingi ngapi.

Sijui ilikuwa saa ngapi. Jua la utosi, korongo wanagombania vichwa vya sangara, mimi sijatia kitu mdomoni tangu chai. Ndipo nikakumbuka jambo ambalo hao wote wenye kamera hawalijui: Mjumbe hakanyagi maji. Nikachota ndoo ziwani, nikaimwaga njiani. Miguu minne ikagota. Mkwe akavuta, akavuta, akateleza, akaangukia mkeka wa dagaa. Mara moja tu, ikatosha.

"Mbuzi ana kipaji huyu!" dairekta anasema. Mbuzi kapewa fungu la majani ya viazi. Mimi nimeambiwa kesho.

Jioni mvua ikanyesha, barabara yote madimbwi. Nimembeba mabegani hadi nyumbani, ndevu zikinipapasa shingo. Sabuni ilikwishaisha nguvu tangu mchana.