Kibao Namba 19

Nilikuwa na umri wa miaka 20 nilipopokewa kuwa mlezi katika kambi ya watoto ya likizo ya kiangazi, na mpaka leo, nikiulizwa ni kazi gani iliyonionyesha uzito wa neno la mtu mzima mbele ya mtoto, huitaja hiyo kabla ya nyingine zote. Nataka kusimulia alasiri moja tu ya kambi ile, siku ya 4 tangu watoto wawasili, kwa sababu katika muda usiotimia hata saa moja niliwaona watu wa kambi jinsi walivyo hasa, kuanzia mkuu wake hadi mpishi, na nafsi yangu nikaiona pia.

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya kambi ni michezo na nyimbo za kuzunguka moto. Wazazi huwaona walezi siku ya kuwaleta watoto na siku ya kuwachukua, na siku zote mbili walezi huwa wanatabasamu. Hawamwoni muuguzi akigawa dawa asubuhi kwa kufuata daftari, akimtazama kila mtoto mpaka ameze ndipo aweke alama. Hawamwoni mlezi wa zamu akipita katika mabweni usiku wa manane na tochi aliyoiziba nusu kwa vidole, akihesabu vichwa juu ya mito bila kumwamsha mtu. Sehemu kubwa ya kazi ile ni kuhesabu na kusikiliza, na ndiyo sehemu isiyopigwa picha.

Mkuu wa kambi alikuwa mwanamke wa makamo, mwalimu kwa taaluma, ambaye sote tulimwita Mama, walezi na watoto. Alitukusanya wiki nzima kabla ya mtoto wa kwanza kufika. Alitufundisha kuinama tunaposema na mtoto mdogo ili macho yakutane, kutokuwa faragha na mtoto mmoja mahali ambapo mtu mzima mwingine hawezi kutuona, na kuandika kila jambo la usiku katika daftari la zamu, hata lile tunaloliona dogo. Alipenda pia kutusimulia asili ya kazi tuliyokuwa tunaiingia. Alitueleza habari za mwalimu Frederick Gunn wa Connecticut, Marekani, ambaye mwaka 1861 yeye na mkewe Abigail waliwaongoza wanafunzi wao kwa miguu hadi ufukweni wakapiga kambi huko, na za Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, aliyewapeleka wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea nchini Uingereza mwaka 1907 na kuwagawa katika vikosi vinne, kila kikosi na kiongozi wake. Kilichomvutia Mama katika habari zote mbili kilikuwa kimoja: mtoto alikuwa na mtu anayemjua. Ndiyo maana alishikilia kipimo kinachopendekezwa na chama cha kambi cha Marekani, kwamba walio na umri wa miaka 6 hadi 8 wawe na mlezi mmoja kwa kila watoto 6, na walio na miaka 9 hadi 14, mmoja kwa kila 8. Nimeona tangu wakati ule kambi nyingine zikianza kubana matumizi kwa kukata wiki ya mafunzo na kuwaongezea walezi watoto, na kila nikiona hivyo huingiwa na hofu ya kweli.

Mimi nilipewa wavulana sita. Mmoja wao, wa miaka 7, alifika Jumatatu na mkoba mgongoni, na usiku wa kwanza alilala amevaa viatu. Nilivivua amekwisha kulala, nikaviweka chini ya kitanda, na alfajiri nikavikuta miguuni mwake tena, kamba zimefungwa vizuri. Chakulani alikuwa akizungusha kijiko tu. Usiku wa pili alilia kwa namna ile ya mtoto anayejizuia, mdomo ndani ya mto, mabega yakitikisika. Nilikaa ukingoni mwa kitanda chake nikajaribu kila nililofundishwa, kisha, kwa kuwa nilikuwa nimechoka na kwa kuwa nilimhurumia, nikamwambia neno ambalo sikufundishwa na mtu: "Vumilia mpaka Alhamisi. Alhamisi ukiwa bado unataka kurudi nyumbani, tutampigia baba aje akuchukue."

Alinyamaza papo hapo. Aliuliza mara moja tu, "Alhamisi?", nikajibu, "Alhamisi." Akalala. Nilitoka bwenini nikijiona nimefanya jambo kubwa, wala sikuandika neno katika daftari la zamu, maana niliona hakukuwa na la kuandika.

Alhamisi ilikuja. Alasiri kundi letu liliungana na mengine matatu kwenda kuogelea ziwani, watoto 24 kwa jumla. Utaratibu wa majini ulikuwa mkali kuliko wowote mwingine kambini. Kando ya gati palisimama ubao wenye kulabu, na kila mtoto alikuwa na kibao chake chenye namba, upande mmoja mweupe na wa pili mwekundu. Aingiaye majini alikigeuza kikawa chekundu, na atokaye alikirudisha kikawa cheupe. Kila mmoja alikuwa na mwenza wake, na kila baada ya dakika 10 filimbi ilipulizwa, wenza wakashikana mikono na kuiinua juu, tukahesabu. Mkuu wa waokoaji alikuwa ametuonya tangu mafunzoni kwamba anayezama kwa kawaida hapigi kelele wala hapungi mkono, kwa sababu pumzi yote inatafuta hewa na mikono inayakandamiza maji ili kichwa kibaki juu, na kwamba mapambano hayo yanaweza kudumu sekunde 20 hadi 60 tu kabla hajatoweka. Mtoto anayepiga kelele majini, alisema, yuko salama kuliko aliyenyamaza.

Mlinzi wa ubao siku ile nilikuwa mimi. Kazi yangu ilikuwa kusimama pale na kuhakikisha hakuna anayepita bila kugeuza kibao. Katikati ya zamu mtoto mmoja alinijia fulana yake iliyolowa ikiwa imemkwama kichwani, mikono juu, hawezi kutoka wala kurudi. Niligeuka nikamsaidia. Sidhani kama ilifika nusu dakika.

Filimbi ya hesabu iliyofuata ilipolia, mikono ilikuwa pungufu. Walihesabu tena: 23. Nikautazama ubao, na kibao namba 19, cha yule mvulana wangu wa miaka 7, kilikuwa chekundu. Mwenza wake, mtoto wa miaka 7 kama yeye, alikuwa amejiunga na wawili wengine, na alipoulizwa alisema, "Aliniambia anakwenda," bila kujua wapi.

Nimejaribu mara nyingi kueleza sauti ya filimbi tatu ndefu zinazopulizwa na mtu ambaye hafanyi mazoezi. Sijaweza. Ninachokumbuka ni kwamba kila mtu alikwenda mahali pake. Watoto wote walitolewa majini wakaketishwa kwenye nyasi kwa mistari, migongo yao ikielekea ziwa, na mlezi mmoja, dada mdogo kuliko mimi, akaanza kuwaimbisha wimbo wa vidole, ule wa kukunja kimoja kimoja. Mbele ya watoto sauti yake ilikuwa tulivu na uso wake ulikuwa unacheka. Mimi niliyepita nyuma yake niliona mkono wa kushoto alioufumbata mgongoni, jinsi ulivyokuwa ukitetemeka, na jinsi alivyongoja ukatulia kabla ya kuuleta mbele kukunja kidole kilichofuata.

Waokoaji walipiga mbizi upande wa kina. Walezi tuliobaki tulishikana viwiko tukaingia sehemu ya kina kifupi, mstari mmoja kutoka ukingoni hadi kwenye kamba ya maboya, tukitambaza nyayo chini polepole, kwa sababu anayeinua mguu anaweza kumruka mtu asimguse. Wengine walikimbilia vyooni, mabwenini na kwa muuguzi. Mama alisimama pale kwenye ubao, saa mkononi na karatasi mbele yake, akipokea kila anayerudi na kuandika mahali palipokwisha kutazamwa. Aliniuliza maswali matatu tu, amevaa nini, nani alimwona mwisho, na lini, kisha akaniambia, "Nenda kwenye mstari." Hakuniuliza ilikuwaje.

Katika mstari ule mguu wangu wa kulia ulikanyaga kitu laini kilichojisokota kwenye kifundo. Nilipiga ukelele. Mwokoaji aliyekuwa karibu aliinama, akazamisha mkono na kuinua magugu ya ziwani, fungu moja, yakichuruzika tope. Akayatupa nyuma yetu na kusema, "Endeleeni, hatua moja." Tuliendelea.

Aliyempata mtoto alikuwa mpishi. Kwa mpango wa dharura, filimbi tatu zikilia, watu wa jikoni hukagua jiko, ghala na bwalo, na yeye alifanya hivyo kwanza. Lakini mpishi yule alikuwa na desturi ya kukumbuka sahani zinazorudi zimejaa, na siku zote tatu sahani ya mtoto wangu ilikuwa imerudi imejaa. Asubuhi ya Alhamisi alikuwa amemwinamia na kumuuliza kwa nini hali, na mtoto akamjibu kwa furaha, "Leo ndiyo Alhamisi." Jawabu lile alilikumbuka akiwa ghalani. Akaenda moja kwa moja hadi lango la nyuma, ambalo hakuna aliyepangiwa, na pale akamkuta ameketi juu ya mkoba wake, nywele mbichi, viatu miguuni, anaitazama barabara.

Tulimsikia kabla hatujamwona: "Ninaye! Ninaye hapa!" Alikuja akimshika mkono, aproni imelowa upande mmoja aliomkumbatia. Mama alitazama saa, akaandika. Zilikuwa zimepita dakika 11. Hakumkimbilia mtoto. Aliwaita waokoaji wote watoke, akaamuru watoto wahesabiwe upya kwa kuguswa bega mmoja mmoja, na ilipotimia 24 ndipo alipopiga magoti mbele yake, akamkabidhi kibao na kumwomba akigeuze mwenyewe. Kisha alikwenda nyuma ya banda la maboya peke yake kwa muda mfupi. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

Usiku ule, watoto wamelala, tulikaa bwaloni. Mama alimtaka kila mmoja aseme alikuwa amesimama wapi na aliona nini, akianzia na mpishi. Zamu yangu ilipofika nilieleza habari ya fulana, halafu nikashindwa kuendelea.

"Alikuwa anamngoja baba yake," Mama alisema. "Nani alimpa Alhamisi?"

"Mimi, Mama."

Hakuna aliyesema kitu. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Basi kesho utaichukua wewe mwenyewe, kwa upole. Mimi nitakaa karibu." Akaingia ofisini kumpigia simu mzazi, nami akaniambia nifuatane naye. Nilidhani angelisema jambo lile kwa kulizungusha. Alimwambia baba wa mtoto kwamba mtoto wake alikuwa amewapotea kwa dakika 11 karibu na maji, kwamba yuko salama na amelala, na kwamba kosa ni la kambi yake. Alisema "yangu". Alisikiliza kwa muda mrefu maneno ambayo mimi sikuyasikia, akijibu "ndiyo" na "una haki" mara kadhaa, mkono wake wa pili ukiwa juu ya meza, vidole vimenyooka. Baba aliomba mtoto aamue akiwa ametulia, na wakakubaliana wazungumze tena.

Miaka baadaye nilisoma makala ya Christopher Thurber na Edward Walton, iliyotoka mwaka 2007 katika jarida la Pediatrics, kuhusu watoto wanaolemewa na hamu ya nyumbani wakiwa mbali. Wanaonya waziwazi dhidi ya ahadi ya kumchukua mtoto asipopapenda mahali, kwa kuwa ahadi hiyo humpunguzia mtoto nafasi ya kuzoea. Niliisoma nikiiona barabara ile ya lango la nyuma.

Ijumaa asubuhi tuliketi kwenye kizingiti cha bweni, Mama akiwa hatua chache pembeni akikunja mataulo. Nilimwambia mtoto kwamba nilimwahidi kitu ambacho hakikuwa changu kukitoa, na kwamba nakosa raha kwa hilo. Aliuliza, "Kwa hiyo Alhamisi haipo?" Nikamjibu kwamba haipo, na kwamba baba atakuja siku ya mwisho pamoja na wazazi wengine, na kwamba akilemewa kabla ya hapo aniambie mimi, au Mama, au mpishi, saa yoyote. Alichomoa uzi kwenye ukosi wa soksi yake, akaufunga kidoleni, akaufungua. Hakusema kama amenisamehe.

Usiku alilia tena. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, sikuahidi lolote, nikasema tu kwamba nipo na kwamba sitaondoka mpaka alale. Ilichukua muda mrefu kuliko ule usiku wa ahadi. Alipolala, viatu vilikuwa chini ya kitanda, kimoja kimelalia ubavu. Nilichukua daftari la zamu nikaandika kwa mwanga wa tochi: kitanda cha 3, amelia, amekunywa maji, amelala saa 4 na dakika 10.