Nilivyopandisha Windows 11 kwenye ThinkPad ya zamani bila kuivuruga Linux

Kazi zangu nafanyia Linux Mint, mfumo endeshi wa bure. Windows nimeibakiza upande wa pili wa diski kwa ajili ya mteja wangu wa Kariakoo, anayetunza hesabu za stoo kwenye faili la Excel lililojaa makro. Windows 10 ilipofikia ukomo tarehe 14 Oktoba 2025, sikuwa tayari kuziacha hesabu za mtu kwenye mfumo usiozibwa mianya.

Kikwazo ni mashine. Laptop yangu, ThinkPad T450, ni ya 2015, prosesa ya Intel kizazi cha 5, chipu ya usalama TPM 1.2. Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu na TPM 2.0. Fundi mmoja akaniambia, "Kaka, uza hiyo." Kompyuta nzima namna hii, yenye SSD na RAM ya GB 8? Siuzi.

Nilianzia Mint: nikanakili folda ya /boot/efi kwenye flashi, maana humo ndimo mifumo yote miwili huweka faili zake za kuwashia. ISO, yaani faili moja lenye usakinishaji wote wa Windows 11, inazidi GB 5, kwa hiyo nikaishusha kwa bando la usiku. Nikaingia Windows, nikafungua tpm.msc kuhakikisha chipu imewashwa. Kisha regedit, kihariri cha mipangilio ya ndani ya Windows, HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\Setup\MoSetup, nikaunda DWORD (kipengele cha namba) iitwayo AllowUpgradesWithUnsupportedTPMOrCPU, thamani 1. Nikafungua ISO humohumo, nikabofya setup.exe. Likaja onyo kwamba mashine haikidhi vigezo. Nikakubali, nikachagua kubaki na faili na programu zangu.

Hapa usiondoke. Mashine hujizima na kuwaka mara kadhaa, na menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wakati wa kuwasha, ikikukosa inaingia Mint yenyewe, usakinishaji unasimama njiani. Nilikaa palepale, kila ikiwaka nachagua Windows kwa mkono.

Ilipomaliza ikawa inawakia Windows moja kwa moja. Nikabonyeza F12, nikachagua "ubuntu" (Mint hujiandikisha kwa jina hilo), na ndani ya Mint nikarudisha mpangilio wa mfumo upi uanze kwa sudo efibootmgr -o. Upande wa Windows nikaandika powercfg /h off ili isilale nusunusu inapozimwa, la sivyo Mint inaweza kusoma diski ya Windows lakini isiandike kitu.

Masasisho ya usalama ya kila mwezi yanaingia vizuri. Toleo jipya la mwaka ndilo halijileti lenyewe kwenye mashine kama hii. Likitoka, nitashusha ISO nyingine na kupita njia hiihii.