Jumapili kisiwani 'Uiha

Nimerudi juzi kutoka 'Uiha, kisiwa kidogo katika kundi la visiwa vya Ha'apai, huko nchi ya Tonga, Bahari ya Pasifiki. Vijiji viwili tu, 'Uiha na Felemea. Ukitoka Pangai, mji mkuu wa Ha'apai, unavuka kwa boti ndogo, na mimi nililowa mpaka begi.

Kilichoniacha hoi ni nguruwe. Wanazurura kijijini kama kuku wa kwetu, maji yakipwa wanashuka ufukweni kufukua chakula mchangani!

Jumapili hakuna kazi, hata katiba yao inasema hivyo. Asubuhi ni kanisa na moshi wa 'umu, yaani tanuri la shimoni lenye mawe ya moto. Watu hujifunga mkeka kiunoni, ta'ovala, ndipo waende kusali. Mama mwenyeji wangu alinifunga wa kwake, umechakaa pembeni. Nikadhani kanipa wa akiba, kumbe ule wa kurithi ndio wenye heshima. Mchana tukala lū: nyama ya kopo na tui zito ndani ya majani ya magimbi. Kwa tui lile, mtu wa Pwani hana la kusema.

Jumatatu nikaamshwa na ko! ko! ko! Kina mama wanaponda magome ya kutengenezea ngatu, yaani kitambaa cha magome ya mti. Nikapewa nyundo ya mbao nijaribu. Mkono bado unauma.