Kamba, kigingi na ndama wa shangazi

Jumamosi nilikuwa Ahero kwa shangazi. Nimerudi Kisumu na jambo ambalo limenisumbua tangu chuo cha ufundi, na naliandika usiku huu kabla halijapoa.

Kwenye jalada la daftari langu la kazi nimeandika kwa kalamu nene: e^(iπ) + 1 = 0. Mwalimu wetu aliuandika mlingano huo ubaoni, akatuambia tuukariri kwa ajili ya mtihani, akaufuta. Nikaukariri, na miaka yote hiyo nimeubeba kama barua ya lugha nisiyoijua. Shangazi alikuwa akitafuta ukurasa mtupu wa kuandika michango ya chama, akauona. "Na hii ni nini, baba?"

Shangazi aliacha shule darasa la sita. Ni mweka hazina wa chama chao, na sijawahi kumwona akikosea hesabu ya riba. Kwa hiyo nikaanzia kwenye riba.

Tuseme mtu amekopa shilingi 1,000 kwa riba ya mia kwa mia kwa mwaka. "Huyo aliyemkopesha ni mnyang'anyi," akasema. Ndiyo, lakini tumfuate. Mwisho wa mwaka anadai 2,000. Akiigawa riba mara mbili, nusu kila miezi sita, riba ya kwanza nayo inazaa: 1,500, kisha 2,250. Akihesabu kila mwezi inafika 2,613. Kila siku, 2,714. Shangazi akadhani ukihesabu kila saa deni litapaa hadi lisilipike. Halipai. Hata ukihesabu kila unapofumba na kufumbua macho, linagota kwenye 2,718 na senti chache. Ukuaji huo usiopumzika, ulioanzia kwenye moja, ndio e: 2.71828 na kuendelea. Mwanahisabati Jacob Bernoulli aliifikia kwa swali hilihili la riba mwaka 1683, naye alikuwa mtu wa Basel, Uswisi, mji uleule alikozaliwa mwaka 1707 Leonhard Euler, mwanahisabati ambaye mlingano wa daftari langu huitwa kwa jina lake.

Kwenye i ndipo nilipoogopa kumpoteza. Vitabu huiita namba ya kufikirika, jina lililotoka kwa mwanafalsafa Descartes mwaka 1637, na mimi naamini jina hilo limefukuza watu wengi kuliko ugumu wa hesabu yenyewe. Sikulitaja. Nilimwomba tutoke nje, alikofungwa ndama.

Kigingi ni sifuri, nikamwambia. Kamba ikinyooshwa kuelekea mwembe, ncha yake ni moja. Mita hatuzihitaji, kipimo chetu ni kamba hiyo. Ikinyooshwa upande wa pili, kuelekea zizi, ncha ni hasi moja, yaani deni la moja. Kwa hiyo kuzidisha kwa hasi moja ni kugeuka nyuma. Sasa je, ukigeuka robo tu? Shangazi alikuwa akiutazama mwembe. Akageuka robo, akaikabili barabara. Akageuka robo nyingine, zizi likawa mbele yake. Robo mbili zimemgeuza nyuma. Basi kipo kitu ambacho ukikizidisha kwa chenyewe unapata hasi moja, na kitu hicho ni robo ya mzunguko. Hicho ndicho i.

Akabaki amesimama pale akilitazama zizi. "Lakini hiki nimekifanya kwa miguu," akasema.

Aliyewaza hivi mapema na kuyaandika ni Caspar Wessel, mpima ardhi, mwaka 1797. Inanifurahisha kwamba alikuwa mpima ardhi, mtu wa kamba na vigingi. Wakati huo Euler alikuwa ameshafariki, mwaka 1783.

Kisha shangazi akauliza swali ambalo mimi nilipaswa kuliuliza chuoni na sikuthubutu. Kama kipeo, yaani ile iπ inayokaa juu ya e, ni kuzidisha kitu kwa chenyewe mara kadhaa, utakizidishaje mara i? Ni mara ngapi hiyo?

Haiwezekani, na nilimwambia hivyo. Hapo kipeo hakihesabu tena mara ngapi. Kinasema ukuaji umeendelea kwa muda gani, na unasukuma upande gani. Riba ya kawaida husukuma pesa kulekule zinakoelekea, ndiyo maana zinaongezeka. Ukitia i, msukumo unageuzwa robo, unakuwa wa ubavuni. Msukume ndama ubavuni kila wakati, kamba ikiwa imekaza: hasogei mbali na kigingi wala hakikaribii. Anazunguka. Ukimsukuma kwa hatua kubwa zilizonyooka atatoka nje ya duara. Hatua zikiwa ndogo bila kikomo, kama riba ya kila kufumba na kufumbua, habanduki kwenye mstari wake. Euler aliichapa kanuni ya mzunguko huu katika kitabu chake cha mwaka 1748.

Ilibaki pai, ile π. Ndama alikuwa amekula nyasi zote ndani ya duara, na ukingo ulionekana wazi, kijani nje na udongo ndani. Tukakata kamba nyingine ya urefu uleule, mita tatu hivi, na binamu yangu mdogo akailaza kwenye ukingo kuanzia upande wa mwembe. Mara moja, mbili, tatu. Hadi upande wa zizi likabaki pengo dogo. Shangazi akainama, akaweka kiwiko chini na kunyoosha vidole: pengo halikutimia mkono mmoja. Kamba tatu na kipande, 3.14159 na kuendelea. Nimetumia pai nusu ya maisha yangu, na sikuwahi kuiona ikiwa na udongo.

Basi e^(iπ) ni ndama aliyeanzia upande wa mwembe, akasukumwa ubavuni kwa mwendo wa kamba pai, akajikuta upande wa zizi, kwenye hasi moja. Ongeza moja, yaani kamba moja kuelekea mwembe, na umefika kwenye kigingi. Sifuri.

Nilimweleza pia kwamba umeme ninaoufunga kwenye nyumba za watu unazunguka hivyohivyo, mara 50 kila sekunde, na kwamba sisi mafundi huandika j badala ya i kwa sababu i tumeshaipa mkondo. Hilo halikumshughulisha. Alikuwa bado anaufuata ukingo kwa macho.

"Na akiendelea mpaka mwisho? Pai mbili?"

Anarudi kwenye moja, nikasema. Mahali palepale alipoanzia.

"Amerudi," akasema shangazi, "lakini nyasi zimekwisha." Akaking'oa kigingi, akamvuta ndama kuelekea upande wa mto.