Jinsi nilivyovipa uhai vivuli vya "Chelezo cha Medusa"

Najifunza rangi za mafuta kwa kunakili mchoro wa Théodore Géricault wa mwaka 1819, ulioko Louvre, Paris: manusura, wakiwa juu ya chelezo, wa Medusa, meli ya Kifaransa iliyokwama karibu na pwani ya Mauritania mwaka 1816. Mchoro halisi una karibu mita 5 kwa 7. Nakala yangu inatosha mezani.

Tatizo lilikuwa vivuli. Vikikauka vilififia, vikabaki na mabaka yasiyong'aa, na miili ikaonekana kama imepakwa masizi. Géricault alitumia lami, ambayo hupendeza ikiwa mbichi, kisha huzidi kuwa nyeusi na kupasuka, hiyo sikuigusa. Nilichanganya kahawia iliyokolea na bluu ya ultramarini, nikapaka nyembamba kwa tapentaini. Tabaka zilizofuata niliziongezea mafuta ya kitani kidogo kidogo, maana mafuta mengi yakiwa chini, rangi ya juu hupasuka. Palipofifia, baada ya kukauka, nilisugua mafuta hayohayo kwa kitambaa na kufuta yaliyozidi. Kina cha rangi kilirudi papo hapo!

Rangi nzito niliiweka penye nuru tu. Mgongo wa yule anayepunga kitambaa kileleni, ambao kwangu ndio moyo wa mchoro, sasa unajitenga vizuri na anga.