Huenda baba yangu yumo ukutani mwa ghorofa lenu

Nimerudi kwetu Bombo, Uganda, baada ya miaka 27 ya Ulaya. Mliotaka niwaeleze habari za barabara mpya ya Entebbe na bei ya viwanja mtanisamehe. Barabara ni nzuri. Foleni haikwisha, imesogea mbele tu. Mkitua, badilisheni pesa kidogo pale uwanjani, na msimwambie dereva mmetoka Ulaya. Atajua mwenyewe akiona viatu. Basi, hayo yameisha.

Kilichonikaa kooni ni Lwera.

Njia ya Masaka mnaijua. Unapita Mpigi, unafika Kayabwe kwenye mstari wa ikweta na wazungu wake wa kupiga picha, unavuka Katonga, halafu barabara inaingia bwawani, ndiyo Lwera yenyewe: mafunjo kulia, mafunjo kushoto, kijani mpaka macho yachoke, na mbele kabisa Lukaya na kuku wake wa kuchoma. Picha hiyo nimelala nayo miaka yote ya ugenini, kwa kuwa baba yangu amelala humo.

Alikuwa koplo, dereva wa lori la jeshi. Jeshi la Amin, ndiyo. Aliingia 1966, Amin hajachukua nchi bado, maana kwetu Wanubi, wajukuu wa askari wa Kisudani, mtoto wa kiume alikwenda jeshini kama mtoto wa mvuvi anavyokwenda ziwani. Babu alikuwa Keya, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza. Baba hakuwa msemaji. Maneno yake mengi aliyaweka kwa injini. Aliegemeza sikio kwenye boneti kama daktari, akafumba macho, akasema, "Huyu anakohoa." Sisi watoto wa kambini tulisubiri tusikie kikohozi, tukasikia ngurumo tu.

Vita ile siitetei. Oktoba 1978 jeshi lake ndilo lililovamia Kagera, likaua raia, likaswaga ng'ombe wa watu, likalipua daraja la Kyaka. Watanzania walipojibu, walijibu kweli. Masaka ilianguka Februari 1979, na Machi 10 wakakutana Lukaya: jeshi letu na Walibya wa Gaddafi upande huu, JWTZ upande ule, katikati barabara moja nyembamba juu ya maji. Siku ya kwanza Watanzania walirudi nyuma. Usiku brigedi yao nyingine ikazunguka, na asubuhi ya tarehe 11 mambo yakageuka. Luteni Kanali Godwin Sule, mmoja wa makamanda wetu, alifia katika vita hivyo. Huyo mkubwa ametajwa. Madereva hawatajwi.

Mwenzake aliyetoka hai ndiye aliyemsimulia mama. Lori la baba lilikuwa limeshaelekezwa Kampala, injini inawaka. Angekanyaga mafuta angefika Mpigi kabla ya adhuhuri. Akageuza. Akarudi kubeba majeruhi, akawashusha nyuma, akarudi tena. Safari ya pili alikuwemo kijana wa Kilibya akimwita mama yake kwa Kiarabu, na baba akimjibu kwa Kinubi, nacho ni mtoto wa Kiarabu, wakaelewana nusunusu. Safari ya tatu, saba saba, yale maroketi ya Watanzania, zilikuwa zimeshaanza kuangukia barabara. Hatukuletewa maiti, wala barua, wala senti. Aprili 11 Kampala ikaanguka, nasi tukakimbilia Sudan na vyungu kichwani. Nani angebisha hodi kwa serikali mpya kudai mume aliyefia upande ulioshindwa?

Sasa nimeshuka Lwera. Mafunjo niliyoyajua yamekwenda. Kuna mashamba ya mpunga, kuna madimbwi ya maji ya kijivu, na juu yake mitambo inayoelea inanyonya mchanga kutoka chini na kuutapika kando, marundo kwa marundo. Malori yamepanga foleni. Mchanga huu unajenga Kampala: maghorofa, maduka, kuta za majumba ya wenye nazo. Mei 2023 maji yalipokata barabara pale Katonga, wako waliowalaumu wachimbaji. Malori bado yanapakia.

Nikasimama ukingoni nikijiuliza mfupa wa mtu hukaa miaka mingapi majini. Kisha nikacheka, wallahi, peke yangu kando ya barabara kama mwehu. Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimelala hoteli mpya Kampala, nikapapasa ukuta wa chumba, nikamsifia mhudumu plasta yao.

Watanzania waliwazika wao Kaboya, kule Muleba, makaburi yamepangwa safu na viongozi huenda kuweka mashada. Hata mkoloni, aliyewapeleka Keya mpaka Burma kwa ugomvi usiokuwa wao, kule Jinja ana makaburi yake ya vita yenye mawe ya kuchongwa. Mkoloni! Sisi tuna Siku ya Mashujaa kila Juni 9, na najua baba hayumo, wala sitaki wamtie. Medali ya nini? Nilitaka pa kusimama nisome Fatiha bila kupigiwa honi na tipa.

Kijana mmoja mwenye koleo akaniuliza kama nanunua. Kaniuliza kwa Kiswahili, tena kizuri. Nilipoondoka mimi, Kiswahili mjini kilikuwa bado kinanuka vizuizi vya barabarani na "panda gari", amri ya askari wakikamata watu. Mtu akikisikia anashika mfuko wake. Tangu 2022 serikali inakitaka shuleni. Nikamwambia nataka kiganja kimoja tu.

"Mama, hapa tunauza kwa tripu."

"Baba yangu alifia hapa, vitani."

Akatazama maji, akatazama marundo, akanitazama mimi.

"Vita gani?"

Nikamwambia ya 1979. Akachota ncha ya koleo, akanitilia kwenye kavera, mfuko wa plastiki uliokuwa na chapati zake, akakataa pesa.

Nikafika Bombo usiku. Mama yuko macho, miguu imevimba, redio sikioni. Nikamweka kavera mapajani, nikamwambia mchanga ule umetoka wapi. Hakulia. Aliingiza vidole, akausugua taratibu, akaupitisha kwenye mwanga wa taa.

"Mchanga mzuri huu," akasema. "Hauna udongo."

Akaufunga fundo, akausukuma chini ya kitanda, penye viatu vya kahawia vya baba ambavyo huvipaka rangi kila Idi.

"Na kuku wa Lukaya yuko wapi? Au umepita hivihivi?"